Mzazi, uliza iwapo kitanda kinatenganishika

Ni nadra siku hizi kuingia katika nyumba ya mfanyakazi mjini, awe mwalimu, karani au mhadhiri, ukose kukuta kitanda cha ghorofa katika chumba cha watoto. Nyumba zimebanana, kodi haipungui, na chumba kilichokusudiwa mtoto mmoja kinalazimika kuwapokea watatu, pamoja na binamu aliyekuja kutoka mashambani kusoma. Mzazi anapoitazama sakafu iliyosalia, hana budi kuinua macho juu. Kitanda cha pili kikipandishwa juu ya cha kwanza, watoto hupata pa kuchezea na pa kufanyia kazi za shule.

Sina ugomvi na uamuzi huo, kwani hata mimi nimeufanya mara mbili. Ninalotaka kulijadili ni jambo ambalo wazazi wengi, nami nikiwa mmoja wao, hulisahau wanapofika kwa seremala. Je, kitanda cha juu kitakaa pale kwa muda gani, na siku ya kuteremka itakapowadia, kitateremkaje?

Wauza vitanda wa Gikomba na wale waliojipanga kando ya Barabara ya Ngong watakuambia kwa sauti moja kwamba bidhaa yao "inatenganishwa". Naomba wasomaji waniwie radhi nikianza na sarufi, kwa maana ndiyo kazi inayonilisha. Kitenzi "tenga" huzaa "tengana", nacho "tengana" huzaa "tenganisha", kisha njia hugawanyika. Ukisema kitanda kimetenganishwa, umetumia kauli ya kutendwa, yaani yupo mtu aliyekitenganisha, wala hatujui alitumia kifaa gani. Yamkini alitumia msumeno. Ukisema kitanda kinatenganishika, umetumia kauli ya kutendeka, na maana yake ni kwamba uwezo wa kuachana umo ndani ya kitanda chenyewe. Hakuna kitanda kisichoweza kutenganishwa na mtu mwenye shoka na hasira za kutosha, lakini vinavyotenganishika ni vichache. Walimu wenzangu wanaohangaika kuwafafanulia wanafunzi tofauti ya kauli hizi mbili wanaweza kuuchukua mfano huu bila kunilipa chochote.

Tofauti hiyo niliijua kwa gharama. Kitanda chetu cha kwanza kililetwa na fundi kikiwa vipande, akakiunga mumo humo chumbani kwa gundi na misumari ya inchi nne. Kilikuwa imara, hilo nakiri. Watu wazima watatu waliweza kukaa juu yake na kisitoe hata mlio. Miaka minne baadaye tulihama. Kitanda kikakataa kupita mlangoni. Tulikilaza ubavu, tukakisimamisha wima, tukaufungua mlango wenyewe kutoka katika bawaba zake, na bado kikakwama. Hatimaye kijana aliyekuja na lori akaomba msumeno. Vipande vilivyofaa vikawa rafu za vitabu, na vilivyosalia vikapikia maharagwe katika nyumba mpya. Naandika haya nikiwafikiria hasa walimu, ambao barua ya uhamisho huweza kuwafikia wakati wowote, na nyumba ya shule wanayokwenda kuishi hawajaiona mlango wala dari.

Kitanda kinachotenganishika kwa kweli ni vitanda viwili kamili vilivyobebana. Kila kimoja kina matendegu yake manne, mifumbati yake miwili na vitakizo vyake viwili. Maneno haya ya kale nimeyatumia makusudi. Tendegu ni mguu wa kitanda, mfumbati ni ubao wa ubavuni, na kitakizo ni ule wa upande wa kichwa au wa miguu. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu hawayajui. Fundi wangu pia hakuyajua. Yeye ana posti, reli na hedibodi, na kazi yake ni safi kuliko msamiati wangu.

Juu ya kila tendegu la kitanda cha chini hutobolewa tundu, na chini ya kila tendegu la kitanda cha juu hutobolewa jingine linaloelekeana nalo. Kati ya matundu hayo hupachikwa pini, nusu yake ikazama chini na nusu ikazama juu. Pini nne tu ndizo zinazoviunganisha vitanda hivyo viwili. Mafundi wengine huzichonga kwa mti, nami siwashauri wazazi wazikubali, kwa kuwa pini ya mti hulika kidogo kidogo bila mtu kuona na huvunjika ndani ya tundu. Takeni pini za chuma, nene kama kidole cha mtoto na ndefu kiasi cha kuzama angalau inchi mbili kila upande. Aidha, tundu liwe la kuibana pini. Tundu lililo pana litazidi kupanuka kila mtoto anapojigeuza, mpaka kitanda kizima kiwe kinayumba kama mashua.

Hapa pana siri ambayo wauzaji hawaitaji. Pini humzuia aliye juu asiteleze kwenda kando, ila haimzuii kuinuka. Uzito wa kitanda chenyewe ndio unaokituliza mahali pake. Sasa mchukueni mtoto wa miaka minane aliyelala chini, miguu yake imefika chini ya kitanda cha ndugu yake, naye amegundua kwamba akisukuma kwa nguvu, ndugu yake hupiga kelele. Mchezo huo hakuna nyumba yenye kitanda cha ghorofa ambayo haijausikia. Akisukuma kwa nguvu za kutosha, chaga, yaani zile mbao zinazobeba godoro, huruka kutoka mahali pake, au kona nzima ya kitanda huinuka kutoka kwenye pini. Kwa hiyo chaga zisilazwe tu. Zifungwe kwa skrubu. Na katika kila kona, pale matendegu mawili yanapokutana, kiwekwe kibati cha chuma chenye skrubu mbili juu na mbili chini. Siku ya kutenganisha, bisibisi moja itatosha kuvitoa vibati vyote. Kabla ya kulipa, mzazi akishike kitanda cha juu, akisukume kushoto na kulia, kisha ajaribu kukiinua. Muuzaji akinuna, aachwe na kitanda chake.

Vya chuma hufuata kanuni hiyo hiyo, isipokuwa badala ya pini, bomba la juu huingia ndani ya bomba la chini. Vina sifa ya kudumu, na havina nyufa nyingi za kufugia kunguni, ingawa aliyelala bweni anajua kwamba kunguni hawashindwi na jambo. Huingia katika ncha za mabomba yaliyoachwa wazi. Mwambieni mchomeleaji azizibe ncha hizo na alainishe kila mahali alipochomelea, kwa sababu kingo za chuma hukata paja la mtoto apandapo usiku. Kuhusu mbao, saiprasi iliyokauka vizuri inatosha, na mahogani ni anasa ya wenye nafasi. Mbao mbichi ndiyo ya kuogopwa, kwani ikikauka hujipinda, na matundu manne yaliyokuwa yakielekeana dukani hayataelekeana tena nyumbani.

Nimefika sasa katika sehemu ambayo ningependa kuipita haraka, lakini siwezi.

Kitanda chetu cha pili kilikuwa kizuri. Fundi alikiwekea vizuizi juu, vya kimo cha inchi 10 kutoka kwenye chaga, akaniuliza nitatumia godoro gani. Nikamwambia asijali. Kisha nikaenda kununua magodoro ya futi 3 kwa 6, unene wa inchi 8, yote mawili sawa, kwa kuwa sikutaka mtoto yeyote aone mwenziwe amependelewa. Msomaji wa darasa la tatu anaweza kufanya hesabu ambayo mimi mwenye shahada ya uzamifu sikuifanya. Inchi 10 ukitoa inchi 8 zinabaki 2, na inchi mbili hazimzuii hata paka. Binti yetu, aliyekuwa na miaka saba, ndiye aliyemiliki ghorofa ya juu. Mdogo wake, mwenye miaka mitano, alilia wiki nzima akitaka naye alale juu, na siku ya Ijumaa tukakubali. Saa nane za usiku tulisikia kishindo. Alikuwa amevunjika mtulinga. Mfupa wa mtoto huunga upesi, ashukuriwe Mungu, lakini kwa wiki kadhaa alibeba mkono wake katika kitambaa, na kila mgeni alipomuuliza kilichomsibu alijibu, "Nilianguka kwa kitanda cha Baba." Kosa halikuwa la fundi wala la mtoto.

Baadaye ndipo nilipojisumbua kusoma. Nchini Marekani kuna kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2000 zinazowabana watengenezaji wa vitanda hivi. Kanuni hizo zinataka kizuizi cha kitanda cha juu kipande angalau inchi 5 juu ya godoro lenyewe. Kipimo ni juu ya godoro. Kukipima kutoka kwenye chaga ndiko kulikonitia mimi shimoni. Zinataka pia kizuizi kiwe pande zote mbili, hata upande wa ukutani, na huu usiwe na pengo. Mzazi wa Kenya atacheka: ukuta si upo? Upo, lakini kitanda husogea, na kati ya godoro na ukuta hufunguka mwanya ambao mtoto anaweza kuingia, akaning'inia kwa kichwa. Kwa sababu hiyo hiyo nafasi kati ya ubao na ubao haitakiwi kuzidi inchi tatu na nusu. Mwili wa mtoto mdogo ukitangulia miguu hupita mahali ambapo kichwa chake hakipiti. Na kitanda sharti kiwe na onyo kwamba mtoto wa chini ya miaka 6 asilazwe juu. Viwango vya Ulaya vinakubaliana na umri huo. Kwa ufupi, godoro la juu liwe jembamba. Inchi 4 zilitutosha, nasi tukabaki na kizuizi cha inchi 6. Kuhusu malalamiko ya upendeleo, tulimweleza anayelala juu kwamba godoro jembamba ndiyo kodi ya kuona mbali.

Mambo mengine hutegemea mahali mtu anapoishi. Msomaji wa Mombasa au Malindi aitazame feni ya dari kabla ya kutazama bei ya kitanda. Mtoto akiketi juu na kunyosha mkono, mkono huo utafika wapi? Ikiwa jibu ni kwenye panga za feni, basi ama feni iondoke ama kitanda cha ghorofa kisiingie chumba hicho. Joto nalo hupanda, na chini ya mabati yasiyo na dari mtoto wa juu hupikwa polepole wakati wa chini amejifunika shuka. Kwa wakazi wa Pwani na wa kando ya Ziwa, chandarua ni sharti. Kile cha mviringo kinachotundikwa darini hakikifai kitanda cha chini, kwa kuwa hakina dari ya kutundikiwa. Afadhali vyandarua vya mraba, kimoja kwa kila kitanda, cha chini kifungwe kwenye kingo za kitanda cha juu na cha juu kwenye misumari ya ukutani. Hata hivyo, kamba zisiachwe zikining'inia. Kamba, kanga, mishipi na mifuko yenye kanda ndefu visifungwe kabisa kwenye kitanda cha juu ambapo mtoto anaweza kujinasa shingo.

Kwa wanafunzi wa shule za bweni, kitanda hiki si kitu kigeni. Wanakiita "deka", wakiwa wamelikata neno dabodeka, na wakati mwingine hujiuliza kama wanajua kwamba katika Kiswahili kudeka ni kujiendekeza kitoto mbele ya anayekupenda, ili akubembeleze. Katika bweni nililolala mimi miaka ya tisini hapakuwa na kudeka. Wageni wa kidato cha kwanza tulikwea juu kwa sababu wakubwa walikwisha gawana vya chini. Ngazi haikuwapo, mtu alikanyaga bomba la upande wa miguu, na ole wake aliyeikanyaga shuka ya mwenye kitanda. Vile vilikuwa vya kuchomelewa moja kwa moja. Havikutenganishika, na nafikiri hakuna aliyewahi kuwaza kwamba vitatenganishwa.

Baada ya moto wa Kyanguli wa Machi 2001, ulioangamiza wanafunzi 67, nchi ilianza kuuliza maswali kuhusu mabweni yaliyosongamana. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka pawe na nafasi isiyopungua mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, na njia ya katikati isiyopungua mita 2. Mwaka 2024 tuliwazika tena watoto 21 waliokufa kwa moto bwenini katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Mwalimu wa zamu anayesoma makala hii anaweza kuchukua utepe wa kupimia jioni ya leo. Na mzazi asidhani kwamba vipimo hivyo ni vya shule tu. Chumba cha watoto ambacho kitanda cha ghorofa kimeziba nusu ya mlango, na dirisha lina vyuma, kina hatari ile ile kwa kipimo kidogo.

Tukirudi nyumbani, swali la nani alale juu na nani chini lisiachiwe watoto waliamue kwa mabavu. Anayekojoa kitandani alale chini, na sababu yake haihitaji mhadhara. Anayeamka usiku kwenda msalani alale chini pia, au ngazi iwe na vidato bapa vya ubao, si mabomba ya mviringo, nayo ifungwe kwa bolti. Ngazi ya kutundika kwa kulabu huondolewa na watoto kila siku, kwa kuwa hufaa sana kuwa daraja.

Nimeliacha hadi sasa lile lililonifanya niandike, nalo ni kutengana kwenyewe. Wengi hudhani vitanda hutenganishwa pale tu nafasi inapoongezeka. Kuna sababu za karibu zaidi. Mtoto mmoja akipatwa na tetekuwanga, ni heri awe na kitanda kinachoweza kuhamishiwa chumba kingine kwa juma moja au mawili. Kisha kuna umri. Mafundisho ya Kiislamu huwataka wazazi wawatenganishe watoto malazi wafikapo miaka 10. Wajaluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi ambamo wasichana walilala na kufundwa, na simba, nyumba ndogo ya wavulana waliokua. Jamii zetu nyingi, kila moja kwa njia yake, zilikuwa zimeweka wakati ambapo kaka na dada hawalali tena pamoja, na ziliwajengea mahali pa kwenda. Sisi wa nyumba za kupanga tumeurithi wakati huo bila kurithi vibanda. Mtoto anafika umri wa kuhitaji faragha akiwa amefungwa kwa misumari ya inchi nne juu ya kichwa cha ndugu yake, na mzazi anaahirisha jambo mwaka baada ya mwaka kwa sababu kununua kitanda kingine ni gharama na kukivunja kilichopo ni hasara. Nimewasikia wazazi wakisema kwamba watoto wao "bado ni wadogo", hali mdogo mwenyewe amekwisha kuota ndevu.

Binti yetu alipotimiza miaka kumi hakusema neno. Alianza tu kuvalia nguo bafuni, na kila jioni akawa anafunga kanga ya mama yake kuzunguka kitanda cha juu kama pazia. Mara mbili niliifungua, nikimkumbusha hatari ya vitambaa vinavyoning'inia. Mara ya tatu mke wangu ndiye aliyenieleza nilichokuwa nikikitazama. Jumamosi iliyofuata tuliondoa vibati vinane, skrubu thelathini na mbili, tukakiinua kitanda chake mimi na mama yake, pini zikatoka bila kugongwa. Kazi yote haikuchukua saa moja. Kitanda kiliingia katika kile chumba kidogo nilichokuwa nikiweka vitabu, na vitabu vimekuja sebuleni, ambako wageni huviuliza bei.

Kimebaki kasoro moja, nayo naitaja ili wengine waikwepe. Ili kuokoa mbao, matendegu ya kitanda cha juu yalifanywa mafupi, inchi sita tu kutoka chaga hadi chini. Kilipokuwa juu hatukuona tatizo. Sasa kiko sakafuni, na ufagio haupiti, sanduku haliingii, na mtaka cha mvunguni sharti alale kifudifudi. Mkiagiza chenu, agizeni matendegu ya vitanda vyote viwili yawe marefu sawa. Wetu fundi tumemweleza, naye hakuona ugumu: atakata vipande vinne vya saiprasi vya inchi nane, avitoboe kwa juu, kisha avipachike chini ya matendegu kwa pini zile zile. Amesema atakuja Jumamosi.